Presha ndogo kwenye umwagiliaji wa nyumbani: kisa kimoja, kutoka kisimani hadi kwenye nozeli

Bustani inamwagiliwa kutoka kisima kifupi. Pampu imefungwa juu ya ardhi pembeni mwa kisima: mota ya 0.75 kW, impela moja (gurudumu lenye mabawa linaloyasukuma maji), na kibao chake kinaonyesha kimo cha juu kabisa, yaani urefu inaoweza kuinua maji, cha mita 36 na mtiririko usiozidi lita 90 kwa dakika. Maji yakiwa yametulia, uso wake uko mita 4 chini ya pampu. Bomba la kufyonza ni la plastiki nyeusi ya polithini, milimita 32, urefu wa mita 7 ukihesabu na kipande cha mlalo, na mwisho wake kuna futivalvu, yaani ile valvu yenye chujio inayoyaruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi. Upande wa kusukuma kuna geji ya presha, chujio cha diski cha maikroni 130 (milimita 0.13), kisha bomba kuu la milimita 32 la mita 30 linaloishia kwenye valvu nne za umeme. Kila valvu inalisha kanda moja, yaani sehemu moja ya bustani. Kanda ya 1, 2 na 3 zina vinyunyizio vitano kila moja, vyenye nozeli (tundu la kurushia maji) ya milimita 3.2. Kanda ya 4 ina vinyunyizio saba.

Malalamiko ni haya: maji yaliyokuwa yakirushwa hadi mita 10 sasa yanaishia nusu ya hapo, vinyunyizio viwili havizunguki kabisa, na katikati ya bustani kuna viraka vikavu. Geji iliyo kwenye pampu, ambayo zamani ilisoma bar 2.6 (bar ni kipimo cha presha) kanda ya 1 ikiwa wazi, sasa inasoma bar 1.1. Chujio la diski lilishaoshwa zaidi ya mara moja bila mabadiliko. Ushauri uliokuwa mezani ni kununua pampu ya 1.1 kW.

Kuna neno moja katika maelezo ya mwenye bustani ambalo ni rahisi kulipuuza: hali ilizorota polepole. Bomba likipasuka, au valvu ya umeme ikikwama nusu, presha hushuka kwa siku moja. Kinachoshuka wiki baada ya wiki ni kitu kinachoziba, kinachotafunwa na mchanga, au kiungo kinacholegea kidogo kidogo. Hilo halitoi jibu, ila linaonyesha pa kuanzia.

Mfumo huu ulipaswa kusoma nini

Geji haina maana mpaka ujue ilitakiwa ionyeshe nini, kwa hiyo hesabu huja kabla ya spana. Bar 1 ni sawa na kimo cha maji cha mita 10.2. Pampu inayoweza kuinua maji mita 36, ikiwa imetumia mita 4 kuyavuta kutoka kisimani, hubakiwa na mita 32. Hivyo valvu zote zikifungwa na maji yasitembee, geji inapaswa kusoma karibu bar 3.1.

Maji yakitembea, mambo hubadilika. Nozeli ya milimita 3.2 kwenye presha ya bar 2 hutoa takriban lita 9 kwa dakika, kwa hiyo kanda ya vinyunyizio vitano inadai lita 46 hivi. Kwa mtiririko huo, mchoro wa pampu hii unaonyesha kimo cha mita 32. Toa mita 4 za kuinua, toa mita 1.2 za msuguano kwenye bomba la kufyonza, elbo na futivalvu, zinabaki karibu mita 27, yaani bar 2.6. Kutoka hapo hadi kwenye kinyunyizio, bomba kuu la mita 30 hula bar 0.26, chujio safi bar 0.12, valvu ya umeme bar 0.17. Jumla ni bar 0.55, na kinyunyizio kinabakiwa na bar 2 na ushei. Mfumo ulipangwa vizuri, ila haukuachiwa ziada kubwa. Kumbuka hilo, kwa sababu litarudi kwenye kanda ya 4.

Upande wa kufyonza nao una namba yake. Mita 4 za kuinua ni mvuto wa bar 0.39. Ukiongeza msuguano kwenye lita 46 kwa dakika, geji ya mvuto iliyofungwa kwenye mdomo wa kuingizia maji inapaswa kusoma karibu bar 0.5 chini ya sifuri. Mifumo mingi ya nyumbani haina geji hiyo. Ni kifaa kidogo, hufungwa kwenye tii (kiungo cha njia tatu) iliyo kabla tu ya pampu, na kwa tatizo la presha ndogo hueleza mengi kuliko kifaa kingine chochote. Katika kisa hiki ilibidi ifungwe kwanza ndipo upimaji uendelee.

Vipimo, kwa mpangilio ulioleta jibu

Geji yenyewe ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pampu ikiwa imezimwa na presha imetolewa, mshale lazima urudi kwenye sifuri. Geji iliyokaa juani na kutikiswa na pampu muda mrefu mara nyingi hukwama, na kuna watu waliobadilisha pampu kwa sababu ya geji mbovu. Hii ilirudi kwenye sifuri, na geji ya pili iliyofungwa pembeni yake ilisoma vilevile.

Umeme ulifuata. Volti hupimwa kwenye vituo vya mota, pampu ikiwa inafanya kazi, kwa sababu waya mwembamba huonyesha volti nzuri mota ikiwa imelala na kuziangusha mara tu inapoanza kuvuta. Mashine nyingi za 230 V huvumilia asilimia 10 juu au chini. Hapa zilisomeka 224 V, hazina shida. Ila ampea zilikuwa na la kusema: kibao kinataja 5.2 A, geji ya ampea ilionyesha 3.9 A. Pampu ya aina hii ikipitisha maji kidogo hutumia nguvu kidogo. Kama impela ingekuwa inakwaruza ganda au beringi zinakufa, ampea zingepanda. Ampea za chini zikiambatana na presha ya chini zinamaanisha kwamba mota haina kazi ya kutosha, yaani maji hayafiki kwenye impela, au impela haiyashiki.

Kipimo cha valvu zilizofungwa kilichukua chini ya dakika moja, na hakipaswi kuzidi hapo kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya pampu hupata joto haraka na kuunguza sili. Mshale ulitetemeka kidogo kisha ukatulia kwenye bar 3.1, namba ileile ya kwenye hesabu. Hapo wengi hushangaa: pampu inatoa presha kamili ikiwa imefungwa, na inaishiwa ikifunguliwa. Maana yake ni kwamba impela haijaisha. Impela iliyotafunwa na mchanga, au iliyoachana na ganda lake, isingefika hata bar 2.5 huku imefungwa. Ila kipimo hiki hakiondoi kila shaka juu ya pampu. Takataka iliyonasa kwenye jicho la impela, yaani tundu lake la kuingizia maji, huziba mtiririko bila kupunguza sana presha ya kufunga. Kwa hiyo pampu ilibaki kwenye orodha, ingawa chini.

Kisha ndoo. Bomba lilifunguliwa palepale baada ya geji, kabla ya chujio, likaachwa litiririke kwenye ndoo ya lita 20 bila kizuizi chochote mbele. Pampu hii ikiwa nzima, na bila vinyunyizio vya kupigana navyo, ingejaza ndoo hiyo kwa sekunde 15 hivi. Ilichukua sekunde 38, yaani lita 32 kwa dakika. Mita ya maji, kanda ya 1 ikiwa wazi, ilionyesha lita 30 kwa dakika kupitia vinyunyizio vitano.

Linganisha namba hizo mbili, kwa sababu ndizo zinazobeba kisa kizima. Kupitia nozeli tano nyembamba, chujio na mita 30 za bomba: lita 30. Kupitia mdomo ulio wazi kabisa: lita 32. Ukiondoa kila kizuizi cha mbele na mtiririko usiongezeke, kizuizi hakiko mbele. Kiko nyuma ya pampu au ndani yake. Chujio la diski lingeoshwa mpaka liishe na bado presha isingerudi.

Geji ya mvuto ilimaliza ubishi. Kwa lita 30 kwa dakika ilipaswa kusoma karibu bar 0.44. Ilisoma bar 0.78. Tofauti ya bar 0.34 ni karibu mita tatu na nusu za kimo zilizopotelea mahali fulani kati ya kisima na mdomo wa pampu. Na hapa takataka ndani ya impela ikaondolewa kwenye orodha: kizuizi kikiwa ndani ya pampu, maji yanayopita kwenye bomba la kufyonza ni machache, na mvuto hushuka badala ya kupanda. Mvuto mkubwa kupita hesabu humaanisha kuziba kabla ya geji. Mvuto mdogo kupita hesabu, bila mapovu, humaanisha pampu yenyewe. Mvuto unaochezacheza pamoja na mapovu kwenye maji yanayotoka ni hewa inayoingia.

Kulikuwa na mapovu pia. Maji ya kwenye ndoo yalitoka meupe kama maziwa, yakaanza kutakata kuanzia chini kwenda juu. Hiyo ni hewa ya kweli. Mapovu ya mvuke, yanayozaliwa ndani ya pampu maji yakivutwa kupita kiasi, hupasuka na kupotea mara yanapofika kwenye presha ya impela. Hayafiki kwenye ndoo. Kwa hiyo tangu mapema kulikuwa na dalili kwamba matatizo ni mawili: kitu kinaziba, na kitu kinaingiza hewa. Sauti nayo iliafiki, kwani pampu ilikuwa ikitoa mlio wa kokoto zinazogongana, na mlio huo ulipungua valvu ya mbele ilipobanwa.

Kwa nini pampu kubwa ingezidisha tatizo

Pampu haivuti maji kwa nguvu zake yenyewe. Inapunguza presha kwenye mdomo wake, na uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji juu kwenye bomba. Usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3, si zaidi, na kwa kila mita 1,000 za kupanda mwinuko kiwango hicho hupungua kwa mita moja na zaidi kidogo. Kwa vitendo, pampu za juu ya ardhi hazitegemewi kupita mita 7 hivi, msuguano ukiwa ndani ya hesabu.

Mvuto wa bar 0.78 ni sawa na mita 8. Toa na sehemu ndogo inayodaiwa na mvuke wa maji yenyewe, mita 0.3 kwenye nyuzi 25, na pampu inabakiwa na mita 2 tu za kuyaingiza maji kwenye jicho la impela. Hapo ndipo maji huanza kuchemka bila moto, mapovu ya mvuke huchukua nafasi ya maji kati ya mabawa ya impela, na kimo huporomoka. Mafundi huita hali hiyo kavitesheni. Ndiyo iliyoifanya geji ishuke hadi bar 1.1, chini sana kuliko msuguano peke yake ungeweza kuishusha.

Sasa weka pampu ya 1.1 kW kwenye bomba hilohilo. Itadai maji mengi zaidi kupitia kizuizi kilekile, na msuguano huongezeka karibu kwa mraba wa mtiririko: ukitaka maji maradufu, upotevu ni karibu mara nne. Hewa ya nje haina cha kuongeza. Pampu mpya ingetoa lita 32 zilezile, kwa kelele kubwa zaidi, umeme mwingi zaidi, na impela yake ingeanza kuchimbika mapema. Ushauri wa kuongeza ukubwa wa pampu kabla ya kupima mvuto unastahili kukataliwa kila mara, hata ukitolewa kwa nia njema.

Kufungua upande wa kufyonza

Kabla ya kuvuta bomba, kina cha maji kilipimwa kwa kamba yenye uzito, kabla ya pampu kuwashwa na baada ya kufanya kazi kwa dakika 20. Uso wa maji ulishuka sentimita 15. Kisima hakina lawama; kushuka huko ni sawa na bar 0.015. Kama ungeshuka mita mbili au tatu, kizuizi kingekuwa chemchemi yenyewe, na tiba ingekuwa kupunguza vinyunyizio vinavyofanya kazi kwa pamoja au kusukumia kwenye tangi kwanza.

Umeme ulikatwa kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha kidhibiti peke yake, kwa sababu kidhibiti cha muda kinaweza kuiwasha pampu mikono ikiwa ndani. Yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka, ilifunguliwa na bomba likavutwa juu. Futivalvu ilionyesha kila kitu: karibu robo tatu ya matundu ya chujio lake yalikuwa yamefunikwa na utando wa kuvu na nyuzi za mizizi, na ndani, kifuniko cha valvu kilikuwa hakifunguki kikamilifu kwa sababu ya ganda gumu la chokaa kwenye pini ya springi. Futivalvu pia ilikuwa imelala sentimita 10 tu kutoka sakafuni mwa kisima. Hilo ndilo lililoivutia tope na nyuzi.

Chujio lilisafishwa kwa brashi ngumu. Ganda la chokaa liliondolewa kwa kuloweka sehemu za shaba kwenye siki usiku kucha. Asidi kali haifai hapa kwa sababu inaweza kuharibu shaba na mpira wa kifuniko. Mpira ulikaguliwa kwa kujaza bomba maji na kuliacha limesimama: maji hayakushuka kwa saa moja, kwa hiyo kifuniko kinaziba. Mpira ungekuwa umekakamaa au una mikwaruzo, ingefaa kubadili futivalvu nzima, maana futivalvu inayovuja huiacha pampu tupu kila inapozimwa na kuianzisha kavu asubuhi.

Bomba lilirudishwa likiwa fupi kidogo, ili futivalvu ikae sentimita 50 juu ya sakafu na bado iwe na zaidi ya sentimita 50 za maji juu yake hata kisima kikiwa kimeshuka. Ikikaa karibu mno na uso wa maji, maji huzunguka kama kimbunga na kuvuta hewa. Kipande cha mlalo nacho kilirekebishwa ili kiinuke mfululizo kuelekea pampu. Kilikuwa na tumbo la juu katikati, na tumbo kama hilo hukusanya hewa ambayo hakuna namna ya kuitoa.

Jambo moja liliachwa kwa hiari ya mwenye bustani. Kwenye lita 46 kwa dakika, maji hupita ndani ya bomba la milimita 32 kwa mwendo wa mita 1.4 hivi kwa sekunde, ukingoni mwa kinachokubalika upande wa kufyonza. Bomba la milimita 40 lingepunguza mwendo huo hadi chini ya mita 1. Ungekuwa mfumo mpya, milimita 40 ingekuwa lazima, kwa maana upande wa kufyonza ndipo unene wa bomba unapolipa kuliko mahali pengine popote. Kwa mfumo uliopo, wenye kuinua mita 4 tu, haikuwa dharura.

Hewa isiyodondosha tone

Baada ya kujaza maji na kuwasha, geji ya mvuto ilirudi kwenye bar 0.47 na geji ya presha ikapanda hadi bar 2.2. Mafanikio, ila hayakufika bar 2.6. Mshale wa presha ulikuwa ukitetemeka kati ya 2.1 na 2.3, na ndoo bado ilitoka na weupe. Hewa ilikuwa haijaguswa.

Ugumu wa uvujaji wa upande wa kufyonza ni kwamba hauonekani. Ndani ya bomba presha iko chini ya ile ya hewa ya nje, kwa hiyo kiungo kibovu hakidondoshi maji. Kinavuta hewa kimyakimya. Pampu ikizimwa, futivalvu hushikilia maji na kiungo huonekana kikavu kabisa. Njia mbili hufanya kazi. Ya kwanza ni kupaka povu zito la sabuni, au la kunyolea ndevu, kwenye kila kiungo pampu ikiwa inafanya kazi, na kuangalia povu linapofyonzwa. Ya pili ni kufunga kitambaa kilicholowa kuzunguka kiungo kimoja kimoja huku jicho likiwa kwenye geji. Ya pili ndiyo iliyotumika. Kitambaa kilipofika kwenye adapta ya plastiki iliyofungwa kwenye mdomo wa chuma wa pampu, mshale ukatulia ndani ya sekunde chache.

Adapta ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, sambamba na thredi. Chanzo chake ni cha kawaida: plastiki na chuma hutanuka tofauti pampu inapopata joto, na bomba lote la mlalo lilikuwa likining'inia kwenye adapta hiyo bila kishikizo. Kuikaza zaidi kungeupanua ufa. Iliondolewa, ikawekwa nipo (kipande kifupi cha bomba chenye thredi) ya shaba ya inchi moja, tepu ya thredi mizunguko kumi ikifuata upande ambao nati inakazwa, kisha yunioni, na kishikizo cha bomba kikafungwa ukutani sentimita 30 kutoka kwenye pampu ili uzito usikae tena kwenye kiungo.

Vipimo vya kanda ya 1 baada ya hapo: mvuto bar 0.52, presha ya pampu bar 2.6, presha kwenye kinyunyizio cha mwisho bar 2.0, mtiririko lita 46 kwa dakika, ampea 4.8. Ndoo ilijaa maji angavu. Kanda ya 2 na ya 3 zilisoma karibu sawa.

Kupima presha kwenye kinyunyizio ni rahisi: geji ndogo yenye kirija cha shaba inaelekezwa kwenye mdomo wa nozeli inayorusha, au kinyunyizio kimoja kinafunguliwa na geji kufungwa kwenye tii chini yake huku kinyunyizio kikiendelea kutoa maji. Kosa la mara kwa mara ni kukiondoa kinyunyizio na kufunga geji mahali pake. Tawi hilo sasa halipitishi maji, na geji husoma presha nzuri kuliko ile kinyunyizio inayoipata kikweli.

Kanda ya 4 ilikuwa na kesi yake

Pampu ikiwa sasa inatoa kila ilichoweza, kanda ya 4 ilisoma bar 2.3 kwenye pampu na bar 1.35 tu kwenye vinyunyizio. Mvuto ulikuwa wa kawaida kwa mtiririko wake, maji hayakuwa na hewa, chujio lilikuwa likipoteza kidogo. Bomba lililopasuka ardhini lingeweza kutoa dalili hizihizi, kwa hiyo vinyunyizio vyote saba viliondolewa, matawi yakazibwa kwa vizibo, na valvu ya kanda ikafunguliwa. Mita ya maji ilisimama kabisa. Hakuna uvujaji.

Nozeli zilitolewa na kupimwa kwa shina la keekee, ambalo ni kipimo cha kuaminika kuliko maandishi yaliyofutika. Tano zilikuwa za milimita 3.2. Mbili, zile za vinyunyizio vilivyoongezwa baadaye, zilikuwa za milimita 4. Tofauti hiyo huonekana ndogo machoni, lakini kinachopitisha maji ni eneo la tundu: milimita 4 dhidi ya 3.2 ni maji zaidi kwa asilimia 56. Mbili hizo peke yake zilitaka lita 29 kwa dakika. Kanda nzima ilidai lita 75 kwa bar 2, na bomba kuu la milimita 32, pamoja na chujio na valvu, visingeweza kupitisha kiasi hicho bila kula zaidi ya bar moja njiani. Pampu ikakubaliana na bomba kwenye lita 62 hivi, na kila kinyunyizio kikapata maji ya kudondoka badala ya kurushwa.

Kulikuwa na njia mbili. Kuigawa kanda kuwa mbili kwa valvu ya tano ya umeme ndiyo njia bora, na inahitaji kuchimba na waya mpya. Njia nyepesi ni kuzibadilisha nozeli zote saba ziwe za milimita 2.8. Kila moja hutoa lita 7 kwa dakika kwenye bar 2, jumla lita 49, karibu sawa na kanda nyingine. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa, kwa sharti kwamba nozeli za kanda moja zisichanganywe tena: kinyunyizio chenye tundu kubwa huwanyang'anya wenzake presha na kurundika maji mahali pamoja.

Baada ya kubadilisha, kanda ya 4 ilisoma bar 2.6 kwenye pampu na bar 2.0 kwenye kinyunyizio cha mbali. Umbali wa kurusha ni mfupi kidogo kuliko wa nozeli za milimita 3.2, jambo lililokubalika kwa sababu vinyunyizio saba vya kanda hiyo vimekaa karibu zaidi. Ila maji kwa dakika kwa kila kinyunyizio yamepungua, hivyo kidhibiti kilibadilishwa: kanda ya 4 iliyokuwa ikimwagiliwa dakika 20 sasa inamwagiliwa dakika 26. Namba za mvuto na presha za kanda zote nne ziliandikwa kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa sanduku la kidhibiti, na futivalvu itavutwa juu na kukaguliwa mvuto wa kanda ya 1 ukifika bar 0.6.